Kufuga Mjusi au Nyoka Darasani: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu

Wiki ya shule ina siku tano, ya mjusi ina saba. Sehemu kubwa ya matatizo ya mtambaazi anayefugwa darasani hutokana na tofauti hiyo: taa inazimwa Ijumaa na mtu mwenye nia njema ya kuokoa umeme, bakuli la maji linakauka Jumapili, likizo ndefu inafika na hakuna aliyeifikiria siku ile kila mtu alipokuwa akimshangilia mgeni. Kulisha na kufagia ni kazi nyepesi, na mtoto akielekezwa vizuri anaiweza. Zinazohitaji akili ni zile saa ambazo mlango wa darasa umefungwa. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na tanki la kioo la kumfugia wala chakula, bali na mtu.

Hatua ya 1: Amua mnyama ni wa nani

Usikubali jibu la "ni wetu sote". Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mnyama awe wa mtu mzima mmoja, kwa kawaida mwalimu mwenyewe. Ndiye atakayempeleka kwa daktari, ndiye atakayekuja shule Jumamosi ikibidi, na ndiye atakayeondoka naye akihamishwa. Wanafunzi ni wasaidizi. Wapewe kazi za kweli, lakini mnyama asife njaa kwa sababu mtoto wa zamu aliumwa tumbo siku hiyo.

Tafuta pia msaidizi wa pili, mtu mzima mwenye ufunguo wa darasa anayejua ratiba yote. Mwandikie maelekezo kwenye karatasi moja na uyabandike kando ya tanki. Ukikosa mtu wa namna hii, ahirisha mpango mpaka apatikane.

Kisha jiulize kuhusu miaka. Mjusi mwenye ndevu huishi miaka 10 hivi, na wengine hufika 15. Mjusi chui na nyoka wa mahindi huweza kufika 15 hadi 20. Wanafunzi wanaompigia kura ya jina leo watakuwa wamemaliza shule na kuanza kazi naye bado yupo. Hiyo kura ya jina, kwa maoni yangu, iachwe iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu mnyama akishapata jina hakuna tena anayesikiliza hoja za kutomleta.

Hatua ya 2: Chagua anayefanana na ratiba yenu

Watatu wafuatao wanafaa zaidi kwa mwalimu anayeanza, na kila mmoja ana dosari yake.

Mjusi chui, Eublepharis macularius, asili yake ni maeneo makavu ya Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India. Ni mdogo, sentimita 18 hadi 25 pamoja na mkia, na ana kope zinazofumba, tofauti na jamaa zake wengi. Vidole vyake havinati, kwa hiyo hapandi kioo. Hali mboga kabisa, chakula chake ni wadudu. Dosari yake kwa shule ni usingizi. Huamka magharibi na alfajiri, na wakati wa vipindi amelala pangoni. Watoto wanaotaka kumwona akitembea watagonga kioo, na huo ni ugomvi wa kila siku kwa mwalimu.

Mjusi mwenye ndevu, Pogona vitticeps, anatoka Australia. Huyu yuko macho mchana, anaangalia darasa kama darasa linavyomwangalia, na wengi wao huzoea kushikwa. Akikomaa anafikia sentimita 40 hadi 60, kwa hiyo anahitaji tanki kubwa, taa kali na mboga kila siku. Kati ya hao watatu ndiye pekee anayefuata saa za shule, na ndiye mwenye kazi nyingi kuliko wote.

Nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, ni wa kusini mashariki mwa Marekani. Hana sumu, na mkubwa wake huwa kati ya sentimita 90 na 150. Akishakomaa hula mara moja kwa siku 7 hadi 14, jambo linalorahisisha sana wikiendi. Wanaomwogopa watakuwepo, pengine hata miongoni mwa walimu wenzako, na ni lazima waulizwe mapema. Ana sifa nyingine mbaya: hutoroka. Tundu linalopitisha kichwa chake litapitisha mwili wote.

Nikilazimishwa kuchagua, kwa wanafunzi wakubwa ningechukua nyoka, kwa sababu ndiye anayevumilia zaidi kalenda ya shule. Kwa wadogo ningechukua mjusi mwenye ndevu, ila tu kama nafasi na umeme vipo.

Wako wa kuachwa. Kinyonga husumbuka haraka akiangaliwa na watu wengi, na biashara ya kimataifa ya vinyonga inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kulinda wanyama na mimea dhidi ya biashara ya kuwamaliza. Iguana wa kijani huuzwa akiwa wa kutosha kiganjani, halafu hukua hadi mita moja na nusu au zaidi. Kobe wa nchi kavu anaweza kuishi kuliko mwalimu. Kobe wadogo wa majini wamewaambukiza watoto wengi bakteria wa salmonela, hata Marekani ikapiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofikia inchi 4, yaani sentimita 10 hivi.

Usiokote mnyama nje ya shule. Aliyekamatwa porini huja na vimelea, hukataa kula, na mara nyingi kumfuga ni kuvunja sheria za wanyamapori. Tafuta aliyezaliwa mikononi mwa mfugaji, anayekula vizuri, na umwombe mfugaji amlishe ukiwa unatazama. Chukua mmoja tu. Wawili katika tanki moja hawaburudishani. Madume hupigana, na mnyonge hukonda polepole bila mtu kugundua.

Hatua ya 3: Ruhusa, wazazi na salmonela

Zungumza na mwalimu mkuu kabla ya kuzungumza na wanafunzi. Uliza kuhusu bima ya shule, kuacha umeme ukiwaka usiku, na sheria za kufuga wanyama wa aina hiyo, kwani mahali pengine hutakiwa kibali. Waandikie wazazi: mnyama gani, atakaa wapi, watoto watamgusa vipi, na nani atoe taarifa kama nyumbani kuna mgonjwa au mtoto ana mzio. Mtoto ambaye mzazi hakuridhia hamshiki mnyama, lakini anaweza kupima joto na kuandika kumbukumbu kama wenzake.

Salmonela nayo isemwe waziwazi. Bakteria hawa hukaa kwenye utumbo wa watambaazi bila kuwaumiza, hutoka na kinyesi, na husambaa kwenye ngozi, maji na kila kitu ndani ya tanki. Mnyama mwenye afya njema anaweza kuwa nao, na kipimo cha leo kisichoonyesha kitu hakithibitishi kesho. Watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 65 na zaidi, na wenye kinga dhaifu ndio huumia zaidi, kwa hiyo darasa la chekechea si mahali pa mtambaazi hata kidogo. Na kama mwanafunzi ana mdogo wake mchanga nyumbani, kunawa kwake kuna uzito kuliko kwa mwingine yeyote.

Kanuni zenyewe ni chache na hazina msamaha. Kila aliyegusa mnyama, tanki au chakula chake ananawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Kitakasa mikono ni cha dharura, hakichukui nafasi ya sabuni. Hakuna kumbusu mnyama, hakuna kumweka karibu na uso, hakuna kula chumba kile wakati yuko nje ya tanki, na hatembei juu ya madawati. Vyombo vyake havioshwi kwenye sinki la vyombo vya watu. Tenga ndoo na brashi zake.

Hatua ya 4: Mahali na tanki

Mjusi mwenye ndevu aliyekomaa anahitaji tanki la angalau sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Mjusi chui anatosheka na 90 kwa 45 kwa 45. Kwa nyoka, urefu na upana wa tanki ukijumlishwa usiwe mfupi kuliko nyoka mwenyewe. Milango ya mbele ni bora kuliko mfuniko wa juu, kwa sababu mkono unaotoka juu humtisha mnyama, na milango hiyo iwe na kufuli hata kama ndani kuna mjusi mpole. Kufuli ni kwa ajili ya watoto kuliko mnyama.

Liweke juu ya meza imara inayobeba uzito, kwenye urefu wa kifua cha mtoto. Likiwa sakafuni, kila anayepita ni jitu linalomjia kutoka juu. Liwe mbali na mlango unaofungwa kwa kishindo, mbali na spika, na kamwe lisikae dirishani. Jua likipiga kioo, tanki huweza kupanda joto la kuua kwa muda mfupi, na wakati huohuo mionzi ya UVB, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho ambayo mnyama anaihitaji, haivuki kioo cha dirisha. Yaani anapata ubaya wa jua bila faida yake.

Ndani kuwe na maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, ili asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Mjusi chui anahitaji la tatu lenye taulo za karatasi zenye unyevu, la kumsaidia kujivua ngozi. Ongeza bakuli zito la maji na kitu cha kupanda. Sakafu kwa wiki za mwanzo iwe karatasi tupu, upate kuona kinyesi kilivyo; baadaye vigae vya kawaida vinatosha kwa mijusi. Mchanga mtupu huweza kumezwa na kuziba utumbo, hasa kwa wadogo. Nyoka hupenda kuchimba, kwa hiyo mpe maranda ya mbao, ila si ya mwerezi wala msonobari, ambayo mafuta yake hudhuru mapafu.

Hatua ya 5: Joto na mwanga

Hapa usibane matumizi. Mtambaazi hatengenezi joto la kutosha mwilini mwake. Analitafuta kwa kuhama kutoka penye moto kwenda penye ubaridi. Kwa hiyo tanki zima lisiwe na joto moja. Upande mmoja uwe mahali pa kuota, mwingine pawe pa kupoa.

Kwa mjusi mwenye ndevu, jiwe au tawi la kuotea liwe na nyuzi joto 38 hadi 42 za Selsiasi, na upande wa baridi 22 hadi 26. Kwa mjusi chui, mahali pa moto pawe 32 hadi 34 na upande mwingine 22 hadi 25. Kwa nyoka wa mahindi, 28 hadi 32 na 22 hadi 24. Usiku joto lishuke kidogo, kama linavyoshuka porini.

Kila chombo cha joto kiunganishwe na themostati, yaani kifaa kinachokata joto chenyewe likifika kiwango ulichoweka, bila ubaguzi. Balbu au mkeka wa joto bila themostati huunguza mnyama siku ya joto, na darasa lililofungwa madirisha wikiendi hupata joto kuliko unavyodhani. Balbu iwe na kizuizi cha waya, maana nyoka huweza kujizungusha juu yake huku ngozi ikiungua, na soketi iwe ya kauri kwa sababu ya plastiki huyeyuka. Taa ya joto isishikiliwe kwa kibanio tu. Ikianguka usiku kwenye maranda makavu, huo ni moto wa shule. Mawe ya umeme yanayouzwa kama ya kuotea yaache dukani. Joto lake halitabiriki na huunguza tumbo.

Pima kwa vipimajoto viwili vya kidijitali vyenye waya wa kihisio, kimoja kila upande. Vile vya kubandika kwenye kioo hupima kioo, na mnyama halali kwenye kioo.

Kuhusu UVB: mionzi hii huusaidia mwili kutengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu ya chakula haifiki kwenye mifupa. Taya hulegea, miguu hupinda, mnyama hutetemeka, na yaliyokwisha kupinda hayanyooki tena. Kwa mjusi mwenye ndevu taa ya UVB ni lazima. Iwe ya mrija mrefu unaofika angalau nusu ya tanki, upande uleule wa joto. Mjusi chui na nyoka hunufaika na taa hafifu zaidi. Kioo na plastiki nyingi huzuia karibu mionzi yote hii, na wavu wa chuma hupunguza sehemu kubwa, kwa hiyo soma umbali aliouandika mtengenezaji na uufuate. Jambo linalowanasa wengi ni kwamba taa huendelea kuwaka vizuri kwa macho yetu wakati UVB yake imekwisha. Andika tarehe ya kuifunga kwenye mrija wenyewe kwa kalamu isiyofutika, na uibadilishe kila baada ya miezi 6 hadi 12 kulingana na aina.

Taa ziwake kwa muda wa saa 12 na kuzimika kwa muda wa saa 12, kwa swichi ya kujiendesha. Usiku kuwe giza. Balbu nyekundu za usiku hazihitajiki.

Washa mfumo wote wiki nzima kabla mnyama hajafika, na ijumuishe Jumamosi na Jumapili. Waachie wanafunzi waandike joto la pande zote mbili asubuhi, mchana na jioni. Wewe au msaidizi mpite wikiendi. Ukiona Jumatatu mfumo umezimwa, umegundua kwa bei rahisi nani anazima swichi kuu. Zungumza naye, kisha bandika maandishi kwenye soketi.

Hatua ya 6: Siku ya kufika na wiki mbili za kimya

Mlete Ijumaa mchana, watoto wakishaondoka, ili apate siku mbili za utulivu huku wewe ukipita kumwangalia. Kabla hajaja, wafundishe wanafunzi kinachotarajiwa: wiki mbili za kwanza hakuna kumshika. Anaweza kukataa kula siku kadhaa, na mjusi mwenye ndevu anaweza kuvimbisha koo na kuligeuza jeusi. Funika pande tatu za tanki kwa karatasi kama anajibanza kila mara.

Katika siku hizo peleka kinyesi chake kibichi kwa daktari wa wanyama akachunguze vimelea. Tafuta daktari anayewajua watambaazi kabla ya kuwa na mgonjwa, maana wengi wamezoea mifugo, mbwa na paka.

Hatua ya 7: Chakula

Mjusi chui mkubwa hulishwa kila baada ya siku 2 au 3, mdogo kila siku. Wadudu wawe nyenje, mende wa kufugwa, nzige au funza wa unga, na kila mmoja asizidi upana wa nafasi kati ya macho ya mjusi. Walishe wadudu wenyewe mboga na nafaka kwa saa 24 kabla, kwani mdudu mwenye tumbo tupu ni ganda tu. Kisha watikise kwenye unga wa kalsiamu. Nyenje wasioliwa waondolewe. Usiku huwatafuna mijusi waliolala.

Mjusi mwenye ndevu akiwa mdogo hula wadudu zaidi, akikomaa mboga za majani ndizo zinazoongoza na wadudu wanakuwa mara chache kwa wiki. Badilisha majani, mengi yawe ya kijani kibichi. Spinachi isiwe ya kila siku kwa sababu oksaleti zake hufunga kalsiamu. Parachichi asipewe kabisa. Vimulimuli ni sumu kali kwake, hata mmoja anaweza kumuua, na hii ndiyo sababu ya kuwakataza watoto kumletea wadudu waliowakamata nje. Sababu nyingine ni dawa zinazopulizwa mashambani na bustanini.

Nyoka hula panya aliyegandishwa na kuyeyushwa kabisa, mnene kiasi cha sehemu nene ya mwili wa nyoka. Mpe kwa koleo refu, si kwa vidole. Panya hai asitumike. Huuma, na darasa si mahali pa tamasha hilo. Panya waliogandishwa nao hubeba salmonela, kwa hiyo wasikae kwenye friji ya chakula cha walimu. Mlishe baada ya vipindi, labda wazazi na wanafunzi wakubwa wawe wamekubaliana kutazama.

Maji yabadilishwe kila siku ya shule, na Ijumaa bakuli lijae.

Hatua ya 8: Kumshika

Watambaazi wengi huwindwa na ndege, na kivuli kinachoshuka kutoka juu ni habari mbaya. Mjusi mwenye ndevu ana hata jicho la tatu juu ya kichwa, lisiloona picha lakini linalotambua mwanga na giza. Mwendee kutoka pembeni, polepole, na mpitishie mkono chini ya kifua.

Wanafunzi wakae chini sakafuni kwa duara, miguu imekunjwa, mikono imenawiwa. Mnyama akiteleza atakuwa ameanguka sentimita chache. Mwili wote ushikiliwe, miguu minne ikiwa na pa kukanyaga. Mkia usishikwe kamwe. Mjusi chui huuacha na kukimbia, na unaoota tena hauwi kama wa kwanza. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, watoto watatu au wanne kwa siku, na siku nyingine asishikwe kabisa. Darasa lote kumpitisha mkono kwa mkono ni fujo ambayo haimfundishi mtu kitu.

Hashikwi akijivua ngozi. Nyoka hashikwi kwa saa 48 baada ya kula, la sivyo anaweza kutapika, na macho yake yakigeuka rangi ya maziwa aachwe, kwani haoni vizuri na amekaribia kujivua gamba. Wafundishe watoto kusoma dalili za "niache": kufoka, mdomo wazi wa kutisha, koo jeusi, nyoka kukunja shingo kama herufi S. Mtoto anayejua kurudisha mkono nyuma amejifunza zaidi ya yule anayejua kumshika.

Hatua ya 9: Usafi

Kinyesi kiondolewe siku hiyohiyo kwa glavu. Kila mwezi toa vyote, osha kwanza kwa sabuni, ndipo upake dawa ya kuua viini, kwa kuwa dawa haipenyi uchafu. Suuza, kausha, acha harufu iishe, halafu mrudishe. Dawa zenye fenoli ni sumu kwake. Kazi hii ya mwezi ni ya mtu mzima.

Waambie wanaosafisha darasa wasipulize chochote karibu na tanki. Na kama shule hupulizwa dawa ya wadudu wakati wa likizo, dai tarehe mapema na umtoe mnyama pamoja na nyenje wake. Tangazo la namna hii aghalabu huwafikia walimu baada ya kazi kufanyika.

Hatua ya 10: Wikiendi, likizo na umeme ukikatika

Kwa wikiendi ya kawaida, mnyama mkubwa mwenye afya anaweza kubaki darasani ikiwa themostati na swichi ya kujiendesha vimejaribiwa, maji yapo, na mtu anapita angalau mara moja. Mjusi mwenye ndevu apitiwe kila siku, kwa ajili ya mboga zake. Nyoka mlishe mwanzoni mwa wiki, si Ijumaa. Sababu yake ni hii: bila joto chakula hakisagiki. Umeme ukikatika usiku wa Ijumaa na tumbo limejaa, chakula huweza kuozea humo, wakati nyoka mwenye tumbo tupu angestahimili ubaridi wa siku moja bila shida kubwa.

Kwa sababu hiyohiyo, umeme ukikatika wakati wa masomo kitu cha kwanza ni kusimamisha chakula. Funika tanki kwa blanketi, ukiacha nafasi ya hewa na taa zikiwa zimechomolewa, zisije zikawashia blanketi moto umeme ukirudi. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa taulo husaidia kukiwa na baridi kali. Maji ya moto huunguza.

Likizo inayozidi siku chache, mnyama aende nyumbani kwa mwenyewe. Utaratibu wa kumzungusha kwa familia za wanafunzi unapendwa sana, nami naupinga. Kila nyumba ina joto lake, ina mtoto mdogo asiyetajwa kwenye fomu, na ina mtu anayefikiri mjusi anahitaji kipande cha mkate. Ikiwa hakuna njia nyingine, iwe familia moja iliyofunzwa, yenye tanki la pili lililowekwa tayari. Kubeba taa na themostati huku na huko ndiko kunakozivunja.

Safarini tumia sanduku gumu lenye matundu na taulo ndani. Asiachwe ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika chache.

Kumpima, na akiugua

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya kidijitali ya gramu, siku ileile, saa ileile. Mtambaazi huficha ugonjwa, na namba huwa za kwanza kusema. Akipoteza asilimia 10 ya uzito, mpeleke kwa daktari bila kungoja dalili nyingine. Kwa mjusi chui angalia pia mkia, ambao ni ghala lake la mafuta; ukinyauka kuna jambo.

Dalili nyingine ni mapovu puani, kupumua kwa sauti, macho yaliyobonyea, kuharisha, taya laini. Mjusi mwenye ndevu kuachama akiwa chini ya taa si ugonjwa, anapunguza joto. Akiachama upande wa baridi, hapo ni tatizo. Anaweza pia kupunguza kula na kulala sana msimu wa baridi, na akiwa mzima uzito wake haushuki sana. Ngozi iliyobaki vidoleni hukaza kama uzi na kuzuia damu: mweke kwenye maji ya uvuguvugu yasiyovuka viwiko vyake kwa dakika 15 hadi 20, kisha usugue taratibu kwa pamba. Ngozi iliyobaki kwenye jicho la nyoka usiibandue mwenyewe.

Akifa, waambie wanafunzi siku hiyo, kwa neno "amekufa". Kumbadilisha kimyakimya na mwingine hakufui dafu. Watoto waliochora madoa yake mwaka mzima wanayajua kuliko wewe.

Kumtumia kufundishia

Daftari la joto na uzito linatosha kwa grafu za muhula mzima. Ulimi wa nyoka unaingia kwenye somo la hisi, kwa kuwa hukusanya harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho kwenye paa la mdomo. Wakubwa wanaweza kujadili jinsia: kwa mjusi chui joto la yai ndilo huamua, ambapo nyuzi 26 hivi hutoa majike wengi, karibu 32.5 madume wengi, na juu yake zaidi majike tena. Kwa mjusi mwenye ndevu kromosomu ndizo huamua, lakini utafiti uliotoka mwaka 2007 ulionyesha kwamba mayai yaliyowekwa kwenye joto kali huweza kutoa majike kutoka kwa viinitete vya kiume. Swali la nini hutokea dunia ikipata joto huja lenyewe kutoka kwa wanafunzi.

Mwalimu akihama

Mnyama huenda na mwenyewe, au hukabidhiwa kwa mtu aliyekwisha kumtunza kwa muda huku ukimwangalia. Asiachiwe nje kwa hali yoyote. Aliyefugwa hafi tu kwa njaa au baridi; akinusurika huweza kusambaza magonjwa na kuwasukuma wenyeji, kama walivyofanya kobe wa majini wenye mstari mwekundu katika mabara kadhaa baada ya wafugaji kuwachoka. Anayempokea apewe tanki, daftari la uzito, tarehe ya mlo wa mwisho na ya kujivua ngozi mara ya mwisho, namba ya daktari, na tarehe iliyoandikwa kwenye mrija wa UVB. Kama mrija umebakiza chini ya mwezi mmoja, mnunulie mpya kabla ya kukabidhi.